Kanisa la Mtakatifu Yohane, Mbweni: mjenzi wake hasa ni nani?

Msomaji wa Magofu (1)

Wakuu, heri ya Jumapili.

Wiki iliyopita niliwapeleka ndugu zangu wa bara hadi Mbweni, kusini mwa mji wa Zanzibar, tukasali katika Kanisa la Mtakatifu Yohane. Baada ya misa wenzangu walishuka pwani, nami nikabaki uani kati ya makaburi nikiutazama mnara. Karibu kila andiko nililolisoma kuhusu jengo hilo hulieleza kwa sentensi ileile: ni kanisa la kijiji cha Kiingereza lililopandikizwa kwenye minazi, lililojengwa na Misheni ya Vyuo Vikuu, yaani UMCA, shirika la Waanglikana wa Uingereza, na kuwekwa wakfu mwaka 1882.

Sura ni ya Kiingereza, hilo silikatai. Lakini ukuta ni wa mawe ya matumbawe yaliyofungwa kwa chokaa, ukuta uleule uliobeba misikiti ya Kilwa, majumba ya Mji Mkongwe na visima vya mwambao mzima. Fundi wa Kilwa wa miaka 700 iliyopita angefufuka leo, huenda angeushangaa mnara, lakini angeweka kiganja chake ukutani na kujua kila kilichomo ndani. Kwa hiyo hoja yangu ni kwamba kanisa la Mbweni ni jengo la Kiswahili lililofuata mchoro wa Kiingereza, na kwamba mjenzi wake hajatajwa mpaka leo. Karibuni mchangie.

Mtunza Kumbukumbu (2)

Ahsante kwa uzi, ndugu. Naomba kwanza tuziweke tarehe mahali pake, maana watu huzichanganya.

Shamba la Mbweni lilinunuliwa mwaka 1871, wakati wa Askofu Tozer, nalo likawa makazi ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Kanisa lenyewe lilikuja miaka 11 baadaye, wakati wa Edward Steere, aliyewekwa kuwa askofu mwaka 1874 na kufariki Agosti 1882, mwaka uleule wa kuwekwa wakfu kwa Mbweni. Steere hakuwa askofu wa kusaini karatasi tu. Pale Mkunazini, ambako jiwe la msingi la kanisa kuu liliwekwa Sikukuu ya Noeli ya mwaka 1873, miezi michache baada ya soko la watumwa kufungwa, alisimamia ujenzi mwenyewe, akaezeka kwa kuba ndefu ya vipande vya matumbawe vilivyochanganywa na saruji ya Portland. Wako waliotabiri kwamba kuba ile itaanguka, na mpaka leo ipo.

Nauliza hivi: mtu aliyechagua mchanganyiko wa namna hiyo, akakaa na mafundi siku baada ya siku, tunamnyimaje jina la mjenzi?

Fundi Chokaa (3)

Nawasalimu wote. Mimi si msomi wa historia. Ni fundi, na marehemu baba yangu alikuwa mchoma chokaa, kwa hiyo nitasema ninachokijua kwa mikono.

Tanuu la chokaa la kwetu halijengwi kwa matofali. Unapanga magogo kwa duara, tabaka juu ya tabaka, mpaka kifuani pa mtu, ukiacha tundu katikati la kutilia moto, kisha juu yake unapanga mawe ya matumbawe, makubwa chini na madogo juu. Moto ukishashika huwezi kuurudia nyuma. Kuni zikiwa mbichi, au upepo ukigeuka usiku, mawe ya upande mmoja yatabaki na kiini kibichi, na kiini hicho kikiingia ukutani kitakuja kuuharibu. Jiwe lililoiva unalijua kwa wepesi wake: ukilinyanyua ni kama umeshika mkate mkavu, na ukilimwagia maji linalia, linapasuka, linafuka mvuke, kisha linalegea na kuwa unga mweupe laini kuliko wa sembe. Baba hakuutumia unga ule papo hapo. Aliufunika, akaumwagilia, akauacha miezi, na aliyekuja kuununua kabla ya wakati alirudishwa mikono mitupu hata kama fedha alikuwa nazo.

Sasa ninaposoma kwamba askofu alijenga, najiuliza ni nani aliyelinyanyua lile jiwe asubuhi akasema limeiva. Mtunza Kumbukumbu, saruji iliweza kuja kwa meli kutoka Uingereza, lakini chokaa haikuja kwa meli.

Pwani Kwetu (4)

Mada nzuri. Ningependa kuongeza kwamba Mbweni ndiko uliko ule msalaba uliochongwa kwa mti ambao moyo wa Livingstone ulizikwa chini yake, na ndiko mwili wake ulikolazwa kabla ya kupelekwa Uingereza. Hilo peke yake linatosha kulipa kanisa hilo heshima ya pekee.

Mtunza Kumbukumbu (5)

Pwani Kwetu, umeviokota viwili na vyote viwili si vya Mbweni. Msalaba unaousema uko Mkunazini, katika kanisa kuu, na unaelezwa kuwa ni wa mti wa mpundu wa Chitambo, katika Zambia ya leo, alikofia Livingstone mwaka 1873. Mwili wake ulifikishwa Bagamoyo na wahudumu wake Waafrika, ukalazwa Februari 1874 katika misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, mahali ambapo hata sasa mnara wa kanisa lao la kwanza unaitwa kwa jina lake.

Mbweni ina hazina zake yenyewe. Shule ya wasichana ya Mtakatifu Maria, ambayo magofu yake yamo katika kiwanja cha hoteli jirani, iliongozwa na Caroline Thackeray tangu mwaka 1877 kwa takribani robo karne, naye alifariki mwaka 1926 akazikwa hapohapo Mbweni. John Kirk, balozi wa Uingereza na mtaalamu wa mimea, alikuwa na nyumba na bustani jirani. Tusiliazimie kanisa vitu vya wenzake.

Pwani Kwetu (6)

Nimesahihishwa, nashukuru. Nilisimuliwa hivyo na mtembeza wageni, nikaamini.

Mhandisi wa Kenchi (7)

Nisome jengo kama ninavyosoma mchoro. Msomaji wa Magofu anatazama ukuta, na kweli ukuta ni wa kwetu. Naomba atazame juu.

Nyumba ya jadi ya mwambao huamuliwa upana wake na boriti. Mti wa mkoko unaofaa kwa boriti hukupa kati ya mita 2.5 na 3.5 za kuvuka, ndiyo maana vyumba vya majumba makongwe ya Unguja na Lamu ni virefu na vyembamba kama ushoroba, hata kwa tajiri. Anayetaka ukumbi mpana kwa boriti hizo lazima apande nguzo katikati, na hivyo ndivyo misikiti mingi ya kale ilivyo: msitu wa nguzo. Kanisa la Kiingereza linataka kinyume chake, yaani nafasi moja iliyo wazi, ili aliyeketi nyuma aione altare bila nguzo kumkinga. Nafasi hiyo haivukwi na boriti ya mkoko. Inataka kuba kama ya Mkunazini, au kenchi za mbao zilizopigiwa hesabu. Kwangu mimi paa ndilo linalosema jengo ni la nani, na paa la kanisa si la Kiswahili.

Msomaji wa Magofu (8)

Mhandisi, hoja ya boriti ni nzito na nimeipenda. Hata hivyo Msikiti Mkuu wa Kilwa, katika upanuzi wake wa karne ya 14, una kuba za mviringo na kuba ndefu, zote za matumbawe na chokaa. Basi mkono wa mwambao ulijua kuvuka nafasi kwa jiwe miaka zaidi ya 500 kabla Steere hajafika Unguja.

Mhandisi wa Kenchi (9)

Ulijua, nakubali. Je, ulikuwa bado unajua mwaka 1882? Nionyeshe kuba moja ya karne ya 18 hapa Unguja iliyovuka upana wa kanisa nami nitaifuta hoja yangu yote. Ujuzi usiotumika vizazi kadhaa hauhesabiki kuwa upo mkononi. Zaidi ya hayo, kuba za Kilwa ni ndogondogo na kila moja imekaa juu ya nguzo zake, kwa hiyo bado tuko kwenye msitu uleule.

Mjukuu wa Forodhani (10)

Mnabishana kana kwamba Zanzibar ya wakati wa Sultani Barghash ilikuwa na Waswahili na Waingereza tu. Mji ule ulijaa mafundi kutoka Kachchh na Gujarat, waashi na maseremala, na yeyote anayetembea Mji Mkongwe huiona kazi yao kwenye milango yenye matao na maua, kwenye roshani na kwenye ngazi. Kiwanja cha soko la watumwa chenyewe kilihusishwa na mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Senji, aliyetoa sehemu ya ardhi kwa misheni. Sioni kwa nini mbao za Mbweni zisiwe zimepitia mikononi mwa seremala wa Kihindi. Sisemi ndivyo ilivyokuwa. Nasema orodha ya mafundi ni ndefu kuliko mnavyoiandika.

Binti wa Muheza (11)

Shikamooni wakubwa zangu. Nimesoma michango yote na naona mafundi wanatajwa, maaskofu wanatajwa, lakini wabebaji hawatajwi.

Katika parokia yetu huku milimani, kanisa letu la mawe lilijengwa kabla bibi yangu hajazaliwa, naye alilelewa katika desturi iliyoendelea hata wakati wa matengenezo: kila mwanamke anayekuja kanisani Jumapili alikuja na jiwe moja kichwani, au debe la maji, au ungo wa mchanga kutoka mtoni, akaliweka upande wa kaskazini wa uwanja kabla hajaingia kusali. Bibi alikuwa akiniambia kwamba aliyejua ukubwa wa kanisa ni shingo yake. Hakuna daftari lolote la parokia lililoandika majina yao, ingawa daftari lilelile limeandika kwa makini jina la aliyetoa kengele.

Kwa Mbweni, watu waliokaa kwenye shamba lile walikuwa wametoka utumwani, wengine watoto, wametolewa kwenye majahazi wakiwa hawajui hata kijiji walikozaliwa. Kama ndio waliobeba mawe yale, basi walikuwa wanajenga nyumba ya kwanza katika maisha yao ambayo mlango wake ulikuwa wao pia. Ninapofikiri hivyo, swali la mchoro ulikuwa wa nani linakuwa dogo sana kwangu.

Fundi Chokaa (12)

Binti, umenigusa. Jiwe haliendi tanuuni lenyewe.

Mtunza Kumbukumbu (13)

Nami naungana na Binti wa Muheza, ila naomba tutofautishe. Waliobeba tunawaheshimu, lakini historia ya usanifu huuliza nani aliamua: ukuta uwe mnene kiasi gani, dirisha liwe wapi, mnara usimame upande upi. Maamuzi hayo yalikuwa ya misheni. Tukimwita kila aliyeshika jiwe kuwa ndiye mjenzi, neno litakosa kazi.

Kuna jambo jingine. Kanisa ni watu pia, na hapo majina tunayo. John Swedi alipewa ushemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akasomeshwa na misheni na kupelekwa mpaka Canterbury, alipata upadre mwaka 1890, akiwa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kuufikia, akahudumu Chitangali, upande wa Ruvuma. Anayetafuta wajenzi wasiotajwa aanze na hao wanaotajwa lakini hawasomwi.

Mzee wa Kigoda (14)

Marahaba, Binti wa Muheza. Nawasalimu na wengine.

Nina jambo dogo ambalo sijaona likisemwa. Kutoka Unguja, Makka iko karibu kaskazini kamili, kwa hiyo msikiti wetu hutazama kaskazini. Kanisa, kwa desturi ya kale, huelekeza altare yake mashariki. Fundi wa Unguja wa miaka ile, ambaye kwa kawaida alikuwa Mwislamu, akiitwa kupiga msingi wa kanisa, kazi ya kwanza aliyoifanya ilikuwa kuigeuza kamba yake robo duara kutoka mwelekeo alioujua tangu utotoni. Kuchimba ni kulekule, jiwe ni lilelile na chokaa ni ileile. Kilichobadilika ni kamba.

Mimi ni Mwislamu, na niliwahi kupaka chokaa kanisa pamoja na mjomba wangu nikiwa kijana. Mjomba alipofika saa ya adhuhuri alishuka ngazi, akatawadha kwenye pipa la maji ya ujenzi, akasali uani akiwa ameupa mgongo ukuta wa kaskazini wa kanisa, kisha akapanda tena. Padre alimwekea mkeka. Hayo ndiyo ninayoyajua kuhusu jengo la kanisa ni la nani.

Msomaji wa Magofu (15)

Mzee, mchango wako nimeunakili kwenye daftari langu. Ahsante sana.

Mweka Hazina wa Parokia (16)

Salamu kwenu. Niwarudishe kwenye ukuta, kwa sababu nina shida halisi.

Parokia yetu, ambayo naomba nisiitaje, ina kanisa la zamani la matumbawe karibu na bahari. Miaka michache iliyopita halmashauri ilimpa kazi mkandarasi ambaye sitamtaja pia, akabandua chokaa yote ya zamani kwa sababu ilikuwa inachubuka kidogo, akapiga lipu ya saruji na kumalizia kwa rangi ya mafuta. Siku ya uzinduzi lilimeta. Masika ya pili yalipopita, rangi ikaanza kuvimba kama lengelenge la moto, ukilibonyeza kwa kidole linapasuka na kumwaga unga mweupe wa chumvi, na nyuma yake jiwe limekuwa tepetepe kiasi cha kuchimbika kwa ukucha. Tumepiga lipu tena mara mbili. Kila mara inarudi, na kila mara inapanda juu zaidi. Tatizo ni nini?

Fundi Chokaa (17)

Tatizo ni saruji, sina haja ya kuliona. Ukuta wa matumbawe hunywa maji kutoka ardhini na huyatoa kupitia chokaa, jua likipiga yanakwenda zake. Ukiuvisha saruji na rangi ya mafuta umeufunga mdomo, maji yanapanda yakitafuta mahali pa kutokea, na chumvi inabaki nyuma ya lipu ikikauka na kulipasua jiwe. Chokaa kuchubuka kidogo si ugonjwa. Ndiyo kazi yake, kuliwa badala ya jiwe, ndiyo maana wazee waliipaka upya mara kwa mara.

Mhandisi wa Kenchi (18)

Fundi, usiisingizie saruji dhambi zote. Mweka Hazina, nieleze mchanga ulitoka wapi. Kama ni wa ufukweni na haukuoshwa, chumvi mliileta wenyewe kwenye karai. Nieleze pia maji ya paa yanakwenda wapi: makanisa mengi yamebadilishiwa vigae kwa mabati bila mifereji, maji yote yanamwagika chini ya ukuta, kisha watu wanashangaa ukuta unalowa. Nimeona jengo la chokaa tupu, lisilo na chembe ya saruji, likioza kwa sababu ya mfereji uliotoboka.

Mjukuu wa Forodhani (19)

Na mimi niongeze la tatu. Jirani na majengo mengi ya kale siku hizi kumepigwa sakafu ya zege mpaka miguuni mwa ukuta, kwa ajili ya maegesho au kumbi za harusi. Udongo uliokuwa ukipumua umefunikwa, na njia pekee iliyobaki kwa maji ni kupanda ukutani. Mweka Hazina, uwanja wenu ukoje?

Mweka Hazina wa Parokia (20)

Mchanga ulitoka ufukweni. Mifereji haipo. Uwanja tulipiga zege mwaka uleule.

Mtunza Kumbukumbu (21)

Basi kila mmoja wenu amepata, na hakuna atakayejua ni kipi kilichotangulia.

Mnaoyachukulia haya kuwa madogo, kumbukeni Beit al-Ajaib. Jumba lile la Barghash lilijengwa mwaka 1883, mwaka mmoja tu baada ya Mbweni kuwekwa wakfu, kwa matumbawe na nguzo za chuma. Sehemu ya mbele pamoja na mnara wa saa iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wakapoteza maisha. Hilo limo ndani ya Mji Mkongwe, uliomo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Kanisa la kijijini halina macho mengi kiasi hicho yanayolitazama.

Binti wa Muheza (22)

Fundi, una uhakika tunaweza kurudi kwenye chokaa? Umeeleza magogo mpaka kifuani pa mtu kwa tanuu moja. Huku kwetu misitu tumeshaimaliza, na mawe ya matumbawe yakichimbwa ufukweni bahari inaingia mashambani. Nauliza kwa dhati, maana nalipenda kanisa letu.

Fundi Chokaa (23)

Swali lako ndilo linaloninyima usingizi, mwanangu. Kupaka upya kanisa moja hakutaki chokaa nyingi kama kulijenga, na iko chokaa ya viwandani inayochomwa kwa makaa, ingawa nyingine inakuja kwenye mfuko ikiwa imeshakufa kwa kukaa. Udongo mwekundu wa kuchanganyia bado upo. Wenye kujua ndio wanaokwisha. Baba yangu alifundisha vijana wanne, nami nimebaki peke yangu ninayeshika mwiko.

Mhandisi wa Kenchi (24)

Na kama mjuzi ni mmoja, basi Mweka Hazina asibandue ukuta mzima kwa neno la mtu mmoja, hata mimi. Ajaribu pembeni kwanza.

Mweka Hazina wa Parokia (25)

Nimezungumza na padre jana jioni. Amekubali tubandue miraba mitatu, kila mmoja wa mkono mmoja kwa mkono mmoja, kwenye ukuta wa nyuma ya sakristia ambako waumini hawakai. Mmoja tutaupaka chokaa na udongo mwekundu kama Fundi anavyosema, wa pili lipu ya saruji kwa mchanga wa mto uliooshwa, na wa tatu tutauacha jiwe tupu lipumue. Upande huo tutauwekea mfereji wa paa kabla, na zege tutalivunja upana wa hatua moja. Fundi, nauli yako ipo. Njoo kabla mvua hazijaanza.

Mhandisi wa Kenchi (26)

Ukiweka mfereji na kuvunja zege kwa wakati mmoja, hutajua ni kipi kilichoponya. Ningekushauri uanze na mfereji peke yake.

Fundi Chokaa (27)

Ukuta hauwezi kungoja masika matatu ili wewe upate jibu lako, mhandisi. Mweka Hazina, nakuja Alhamisi. Chokaa nitaileta mwenyewe, ninayo pipa moja niliyoifunika tangu mwaka jana.